Kamera, Kompyuta na Amana ya Picha za Harusi



Wiki tatu zilizopita tulijiwa na kina mama sita wa chama kimoja cha mtaani hapa Mombasa. Hawakuja kuomba mchango wala kutangaza biashara. Walikuja na swali. Akiba ya chama chao imefika shilingi 120,000, nao wamekubaliana kununua kamera na kompyuta ili wapige picha katika shughuli za wanawake: hina, kupamba, na karamu za nyumbani. Walitaka tuwaambie wanunue nini.

Tuliwauliza kilichowasukuma kwenye kazi hiyo, wakatazamana. Mwishowe mmoja wao akatueleza. Binti yake aliolewa mwaka jana. Usiku wa kupamba simu zote zilikusanywa mlangoni, kama ilivyo desturi yetu, na mpiga picha alikuwa mwanamke mwenzao. Shughuli ikaisha kwa heri. Miezi minne baadaye picha za bi harusi, kichwa wazi na mabega wazi, zikaonekana katika simu ya kijana ambaye familia haimjui. Yule mpiga picha hakuzisambaza. Alizifuta kwenye kadi ya kamera, akadhani zimekwisha, kisha akaiuza kadi kwa bei rahisi. Aliyeinunua aliichomeka kwenye kompyuta, akatumia programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na picha zikarudi zote.

"Simu tulizikusanya hata ya mama mkwe," alisema yule mama. "Ile kadi hatukuiwaza."

Tuliahidi kuwajibu hapa ukurasani, kwa sababu swali lao si lao peke yao. Ziko nyumba nyingi zinazopanga kununua vyombo hivi, kwa biashara au kwa kuhifadhi kumbukumbu za watoto, na aghalabu fedha hutoka kabla ya kuuliza. Suala la hukumu ya picha lina wanazuoni wake, nasi hatuliingii. Twazungumza na wale ambao tayari wamekwisha kuamua kupiga, ili fedha zao zisipotee na sitara ya watu isivunjike.

Kwanza kazi, kisha chombo

Kosa la kwanza ni kwenda dukani bila ya kujua kazi itakayofanywa. Muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi, nawe utamjibu, na kuanzia hapo ni yeye anayechagua. Kabla ya kutoka nyumbani, jibuni maswali manne. Picha zitapigwa wapi, ndani au nje, mchana au usiku? Zitatazamwa wapi, kwenye simu au kwenye albamu iliyochapishwa? Nani atakayezihariri, na ana muda gani? Na zikishakabidhiwa kwa mwenyewe, zitakaa wapi?

Dada anayeuza bajia, viungo au madira kwa njia ya simu hahitaji kamera. Simu yake yatosha. Aweke bidhaa karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, azime taa za chumbani ili rangi zisichanganyike, afute kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa safi, basi. Programu ya Snapseed, ambayo ni ya kampuni ya Google na haina malipo, itamtosheleza kwa kukata pembe na kuongeza nuru. Akinunua kamera ya maelfu kwa ajili ya picha ambayo mteja ataitazama kwa nukta tatu kwenye skrini ndogo, huo ni ubadhirifu.

Kina mama wetu wa chama wana hali nyingine. Wao watapiga usiku, ndani ya vyumba, katika mwanga wa taa za rangi, watu wakicheza na kuzunguka, na bi harusi atataka albamu. Hapo simu huanza kushindwa. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo mno kikilinganishwa na cha kamera, na gizani picha hutoka na chenga.

Megapikseli si kipimo cha uzuri

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuihifadhi kwenye kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Leo simu ya bei ya kawaida hujisifu kwa nukta milioni 50. Kwa hivyo wengi huamini kwamba palipo na megapikseli nyingi ndipo palipo na picha nzuri.

Hebu tupige hesabu. Picha ya kuchapishwa ya inchi 6 kwa 4, ile tunayoitia kwenye albamu, ikichapishwa kwa ubora mzuri wa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji nukta 1,800 kwa 1,200. Hizo ni megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji megapikseli 8 na nusu hivi. Kamera iliyotumika yenye megapikseli 16 au 24 inazidi mahitaji ya albamu yoyote ya harusi. Anayekuambia uongeze fedha kwa sababu ya megapikseli anakuuzia usichokihitaji.

Kinachostahili fedha ni lenzi. Kamera nyingi za kuanzia huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi nzuri mchana, ila tundu lake la kupitishia mwanga ni dogo. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho hufika f/5.6, ilhali lenzi ya milimita 50 isiyovutwa, ambayo kwa kawaida ni ya rahisi kuliko zote katika kila kampuni, hufika f/1.8. Tofauti ya namba hizo mbili ni kwamba ya pili hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo ya kwanza yatoa picha ya giza au iliyotikisika, ya pili yatoa uso wa bi harusi ukiwa wazi, na mapambo ya nyuma yakiwa yamefifia taratibu.

Hata hivyo msiitupe ile ya kwanza. Kwenye kamera zenye kihisi cha wastani, lenzi ya milimita 50 huona eneo dogo. Katika vyumba vyembamba vya nyumba za Mji wa Kale utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bado jamaa wote hawataingia. Hapo ile ya milimita 18 ndiyo itakayokufaa. Ya tatu kwa umuhimu ni flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ambayo kichwa chake hugeuka. Elekeza kichwa kwenye dari nyeupe, mwanga ushuke kwa upole. Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera humpiga mtu usoni moja kwa moja, ikamtoa ana mng'aro wa mafuta na kivuli kikali nyuma yake.

Jambo moja la mavazi yetu. Kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani. Ukiielekeza kwenye kundi la kina mama waliovaa mabuibui, itaongeza mwanga mpaka weusi uwe kijivu na nyuso ziungue. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe, itapunguza mwanga mpaka gauni lionekane chafu. Kila kamera ya maana ina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa mabuibui punguza, kwa gauni jeupe ongeza. Mazoezi ya siku mbili nyumbani yatakupa mkono.

Kuikagua kamera iliyotumika

Kwa shilingi 120,000 kununua kila kitu kipya hakuwezekani, na hakuna aibu katika kitu kilichotumika, mradi kikaguliwe. Ulizeni kwanza kamera imekwisha kupiga picha ngapi. Kamera zenye shata ya chuma huhesabu kila mfyatuo, na nyingi za daraja la kuanzia hukadiriwa kudumu mifyatuo 100,000 hivi. Iliyofika 90,000 ni kama gari lililokwisha kuzunguka nchi. Kisha pigeni picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo, f/16, mukuze picha mutazame: madoa meusi ni vumbi juu ya kihisi.

Ukaguzi mkubwa zaidi kwetu sisi watu wa pwani ni wa lenzi. Ivueni, muipitishie mwanga wa tochi kutoka nyuma. Mukiona nyuzi nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huota palipo na unyevu na giza, hula mipako ya kioo, na kuisafisha kwa fundi huweza kuzidi bei ya lenzi yenyewe. Hata ikiwa rahisi vipi, iacheni.

Mukishanunua, musiirudishe kamera kwenye mkoba wake mukaufungia kabatini. Mkoba hushika unyevu. Chukueni sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, kama yale ya kuhifadhia vyakula, mutie ndani pakiti za jeli ya silika. Zile zinazobadilika rangi ndizo bora, kwani hukuonyesha zimeshiba, nawe huzikausha kwa moto mdogo wa oveni ukazitumia tena. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaofaa, na kipimo chake ni chombo kidogo cha bei nafuu. Mchele tunausikia ukisifiwa. Mchele una vumbi, uacheni jikoni. Mukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la nje, iacheni kamera ndani ya mkoba kwa nusu saa, la sivyo kioo kitatoa jasho ndani na nje.

Kompyuta: tazameni vitu vitatu

Vipakatalishi vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Ulaya vimejaa madukani, na vingi ni vizima. Tazameni vitu vitatu. Cha kwanza, diski iwe ya aina ya SSD. Hii ndiyo inayoifanya kompyuta kuukuu iende mbio kama mpya, nayo haina kinachozunguka ndani cha kuharibika ikiangushwa. Cha pili, RAM isipungue GB 8, kwa sababu programu za picha hula sana. Cha tatu, umri wa kichakato.

Hili la tatu limekuwa na uzito. Windows 10 iliacha kupokea masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wake haizikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa vichakato vya Intel, kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Ndiyo sababu twaona mashine za kizazi cha sita na cha saba zikiuzwa rahisi kwa haraka. Zina matumizi, ila mununuaji ajue. Mashine kama hiyo yaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo isiyo na malipo na inayoendelea kusahihishwa, na programu tutakazozitaja hapa chini hufanya kazi humo. Muulizeni muuzaji kizazi cha kichakato, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Usisahau kifaa cha kukinga umeme unapopanda ghafla. Stima zetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na kompyuta ikiungua katikati ya kazi, albamu ya mtu imeungua nayo.

Programu: halali yake na bure yake

Hapa ndipo penye mazoea yanayotusikitisha. Fundi humuuliza mteja, "Nikutilie Photoshop?" naye huitia kwa shilingi mia chache. Kampuni ya Adobe tangu mwaka 2013 imeelekeza programu zake kwenye malipo ya kila mwezi, kwa hivyo ile inayotiwa kwa mia chache aghalabu ni iliyovunjwa kufuli. Ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ya ridhaa yake. Na aliyeivunja hakufanya kazi ile kwa sadaka: programu kama hizi mara nyingi hubeba virusi vya kuiba nywila na kuchungulia mafaili. Hebu tufikiri. Mama anakusanya simu mlangoni, kisha anazipeleka picha zile zile kwenye kompyuta yenye mgeni asiyeonekana.

Wala hakuna dharura ya kutulazimisha. Ziko programu ambazo waliozitengeneza wamezitoa bure kwa ridhaa yao, zikatumika duniani kote. GIMP, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hufanya sehemu kubwa ya kazi ambazo watu huifuatia Photoshop. Darktable na RawTherapee huzishughulikia picha ghafi, yaani zile ambazo kamera imezihifadhi bila ya kuzipika, na hizo ndizo zinazokuwezesha kusawazisha rangi za taa za ukumbini baada ya tukio. DigiKam huzipanga picha kwa tarehe na majina. Kwa barua, ankara na hesabu za chama kuna LibreOffice.

Na asiyesoma Kiingereza asidhani kwamba milango hii imefungwa kwake. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux jijini Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyomsemesha mtu kwa Kiswahili, miaka michache kabla ya LibreOffice kuzaliwa kutokana na OpenOffice. Hilo liliwezekana kwa sababu programu huru humruhusu yeyote kuifungua na kuitafsiri.

Programu hizi zina taabu yake, hatufichi. Aliyezoea nyingine atahangaika wiki mbili tatu. Zipakueni kutoka kwa wenyewe waliozitengeneza, si kwenye flashi disiki ya jirani. Na mujifunze moja kwanza mpaka muiweze, kisha ndipo muongeze ya pili.

Pahala pa kuziweka

Picha ghafi moja ya megapikseli 24 huchukua MB 28 hivi. Harusi ya picha 800 basi huchukua zaidi ya GB 22. Harusi kumi tu, na diski ya kompyuta ya GB 256 imejaa. Nafasi ya bure ya akaunti ya Google ni GB 15 kwa barua na picha pamoja. Harusi moja haiingii. Kwa hivyo diski ya nje si anasa, ni sehemu ya chombo.

Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh aliieneza kanuni nyepesi ya kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa chama chetu yaweza kuwa nakala moja ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye diski nyingine inayokaa kwa mweka hazina. Diski ikianguka chini haitaji kwamba ina harusi ya nani.

Jihadharini pia na kadi za bandia. Ziko zilizoandikwa GB 256 ilhali ndani mna GB 8. Hupokea picha zote bila ya kulalamika, na zilizozidi hupotea. Programu ndogo za bure, H2testw au F3, huijaza kadi na kuisoma, zikakwambia ukweli. Ipimeni kila kadi kabla ya kuipeleka shughulini, na muchukue kadi mbili na betri mbili.

Kufuta si kuondosha

Sasa turejee kwa binti yetu. Unapofuta picha kwenye kadi, kwa kawaida kompyuta au kamera haiiondoshi. Huandika tu kwamba nafasi ile ni huru, kama mtu aliyelipasua yaliyomo la kitabu akaziacha kurasa zote mahali pake. Mpaka pale picha nyingine itakapoandikwa juu yake, ile ya kwanza ingali pale, na programu za bure kama PhotoRec huifukua kwa dakika chache. Hata kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo.

Kutokana na hayo, tuliwapendekezea kina mama kanuni tano, nao wakazibishania mbele yetu mmoja baada ya mwingine.

Ya kwanza: kadi iliyopiga harusi haiuzwi, haiazimwi, wala haitupwi nzima. Ikizeeka huvunjwa vipande. Hasara ni shilingi elfu moja na kitu, na heshima ya mtu haina bei hiyo.

Ya pili: diski za nje zifungwe kwa fumbo. VeraCrypt ni programu ya bure ifanyayo kazi hiyo. Ikiibwa diski, mwizi ameiba chuma tu. Lakini nywila ikisahauliwa hakuna fundi atakayeifungua. Kwa hivyo iandikwe, ikae kwa amini wa chama.

Ya tatu: kompyuta yenye picha za watu haiachwi kwa fundi usiku kucha. Diski ivuliwe kwanza, au mmoja wenu akae hapo hapo mpaka kazi iishe.

Ya nne: picha zikabidhiwe mkononi, kwa mwenyewe. Simu zetu hupiga muhuri wa mahali ndani ya picha, na anayeipokea kama faili kamili aweza kusoma ilipigiwa nyumba gani. WhatsApp huondoa muhuri huo ikitumwa kama picha ya kawaida, ila hubaki ikitumwa kama hati. Na simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye akaunti ambayo pengine kaka au mtoto naye anaifungua kwenye kifaa kingine. Zimeni jambo hilo.

Ya tano: iandikwe karatasi, itiwe sahihi na pande mbili, isemayo nani ataziona, zitakaa muda gani, na kwamba hazitawekwa tangazoni bila ya idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya huihesabu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake binafsi, na picha ya uso imo humo. Anayeona haki yake imevunjwa ana pa kupeleka malalamiko: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini mashtaka huja baada ya uso kuonekana, na kilichoonekana hakifichiki tena.

Ubishi uliobaki

Mezani kwetu walitoa karatasi wakapiga hesabu yao. Kamera iliyotumika pamoja na lenzi yake, 36,000. Lenzi ya milimita 50, 13,000. Flashi, 9,000. Kompyuta iliyotumika, 31,000. Diski mbili za nje, 15,000. Kadi mbili, betri ya pili, sanduku na jeli ya silika, kinga ya umeme, 9,000. Programu, sifuri. Jumla 113,000, na 7,000 zikabaki kwa dharura. Kamera mpya waliyoitamani dukani peke yake ingekula 95,000, na wangebaki bila ya pa kuzihifadhi picha.

Ubishi ulikuwa juu ya muda. Watatu walitaka picha ziondoshwe kabisa siku 30 baada ya kukabidhiwa. Wengine walisema hapana, bi harusi akiipoteza diski yake mwaka ujao atarudi kulia kwao. Yule mama wa binti alikuwa amenyamaza. Kisha akasema: "Muulizeni yeye. Picha ni zake. Akitaka zikae, zikae, atie sahihi. Akitaka ziondoke, aje aone zikiondoka kwa macho yake." Wakaliandika hilo kwenye karatasi, na hapana aliyepinga.

Harusi yao ya kwanza iko mwezi ujao inshaallah, nao wamesema bi harusi ataisoma karatasi kabla ya kuulizwa bei. Tumewaomba waje tena kutueleza iliyokwenda sawa na iliyokwenda kombo, nasi tutawafikishia habari.

Kwa wiki hii, tuna ombi moja kwenu. Fungueni droo za nyumbani mwenu leo jioni. Tafuteni kadi kuukuu, flashi disiki na simu zilizokufa ambazo mulikuwa mumekusudia kumpa mtu au kumuuzia mpita njia. Kabla hazijatoka mlangoni, jiulizeni zimebeba nyuso za nani.